Namna ya Kukabiliana na Uchovu Unaposubiri Kubadilishiwa Betri ya Moyo

Kutoka kibarazani kwa mama yangu, Mnazi Mmoja, Lindi, hadi kwenye bomba la maji ni hatua zisizofika mia moja. Kwa miaka tisa tangu alipowekewa betri ya moyo, yaani kifaa kidogo kinachousaidia moyo kupiga (pacemaker), alizitembea hatua hizo bila kuzifikiria, ndoo ndogo mkononi, akiamkiana na majirani. Mwaka ambao kifaa chake kilikaribia mwisho wa muda wake, alianza kusimama katikati ya njia, akaitua ndoo, akashika kiuno kama mtu anayetazama mawingu. Mpita njia angedhani amesimama tu. Mimi niliyekuwa karibu niliona midomo imemkauka, na kwamba kabla ya kuinama kuichukua ndoo tena ilimbidi avute pumzi tatu au nne.

Mahali pa kwanza tulipokwenda kutibiwa tuliambiwa kwamba ni uzee. Haukuwa uzee. Ilituchukua wiki sita kulijua hilo, na wiki sita si muda mdogo kwa mtu ambaye kifaa chake kimebakiza miezi michache. Ndiyo maana ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya watu wa Lindi na Mtwara wenye kifaa hiki mwilini, au wanaoishi na mzazi, mume au mke mwenye nacho, ambao wameambiwa wasubiri na hawakuambiwa waishi vipi wakati wanasubiri.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba betri ya moyo haififii kama tochi. Wengi wetu hufikiri kwamba kadiri betri inavyoisha ndivyo mapigo yanavyozidi kuwa dhaifu, na kwamba uchovu ni nguvu hiyo inayopungua siku hadi siku. Sivyo. Ndani ya kikasha kidogo kilichowekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, kuna betri ya lithiamu iliyofungwa pamoja na mitambo yake, isiyochajiwa wala kufunguliwa, ambayo kwa kawaida hudumu kati ya miaka 5 na 15 kutegemea aina ya kifaa na ni mara ngapi moyo unahitaji kusaidiwa. Moyo unaopiga mara 60 kwa dakika hupiga mara 86,400 kwa siku, na kifaa kinachosaidia kila pigo humaliza betri mapema kuliko kile kinachosaidia mara mojamoja. Betri inaposhuka hadi kiwango alichokipanga mtengenezaji, kifaa huweka alama ambayo daktari huisoma kwa kompyuta maalumu, na kuanzia hapo, kwa vifaa vingi, hubaki takriban miezi mitatu ya kufanya kazi kwa uhakika. Alama hiyo haina maana kwamba moyo utasimama kesho. Maana yake ni kwamba muda wa kupanga matibabu umeshaanza kuhesabiwa.

Uchovu huingia hapo. Ili kubana matumizi, baadhi ya vifaa vikishaweka alama hiyo hubadili namna ya kufanya kazi. Kifaa chenye waya mbili, kilichokuwa kikiviwezesha vyumba vya juu vya moyo na vya chini kupokezana, hubaki kuvisaidia vya chini peke yake, kwa kasi moja isiyobadilika, mathalani mapigo 65 kwa dakika, na ule uwezo wa kuongeza mapigo pale mtu anapotembea au kupanda mlima huzimwa. Mwili ukiwa umetulia hauoni shida kubwa. Ukianza kazi unahitaji damu zaidi na hauipati. Zaidi ya hayo, vyumba vya juu na vya chini vinapokosa kupokezana, mtu huweza kuhisi shingo ikipwita, kizunguzungu, pumzi kuwa fupi na kuchoka asikoweza kukueleza. Hivyo ndivyo alivyokuwa mama: akiwa mkekani alikuwa mzima, akiwa njiani alikuwa mgonjwa. Ninalikazia jambo hili kwa sababu mgonjwa wa namna hii hupimwa akiwa ameketi, huonekana hana tatizo, na hurudishwa nyumbani akiwa amevunjika moyo.

Hata hivyo, usiibebeshe betri mzigo wote. Malaria huchosha, upungufu wa damu huchosha, kisukari kilichopanda huchosha, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri huchosha, moyo ulioanza kushindwa kusukuma damu huchosha, na baadhi ya dawa za presha, kama atenolol na bisoprolol, nazo huweza kumfanya mtu ajisikie mzito. Kwa hiyo, kabla ya kukubali kwamba dawa ni kusubiri, omba upimwe wingi wa damu, malaria, sukari, shinikizo la damu na umeme wa moyo. Vipimo hivi havihitaji safari ya Dar es Salaam. Waombe wataalamu wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine kwa walio Lindi, ya Ligula kwa walio Mtwara mjini, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo, na walio kando ya barabara ya Masasi wana hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda. Mama alikutwa na upungufu wa damu juu ya tatizo la betri. Alipoanza kutibiwa huo, sehemu ya nguvu zake ilirudi wiki kadhaa kabla ya kifaa kubadilishwa, na laiti tungepima mapema asingeteseka kiasi kile. Usinunue vidonge vya madini chuma dukani kwa kubahatisha; pima kwanza.

Ukifika kwa daktari, beba kadi ya kifaa. Kadi hiyo ndogo ina jina la mtengenezaji, namba ya kifaa na tarehe kilipowekwa, na umuhimu wake ni kwamba kila mtengenezaji ana kompyuta yake ya kusomea, kwa hiyo bila kadi mtaalamu hajui atumie ipi. Uliza mambo matatu kwa lugha nyepesi: kifaa kimefikia kiwango gani na kilifikia lini, je, kimebadili namna ya kufanya kazi, na kuna lolote linaloweza kurekebishwa kwa kompyuta wakati tunasubiri, na je, kifaa kikizimika moyo wangu unaweza kupiga wenyewe? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Mtu ambaye moyo wake unategemea kifaa kwa kila pigo hatakiwi kuwekwa kwenye foleni ya kawaida, na kama jibu ni hilo, mwambie daktari aliandike kwenye barua ya rufaa kwa maneno yanayoonekana.

Daftari la uchovu

Nunua daftari dogo la shule. Kwa siku saba mgonjwa, au mtoto anayejua kuandika, aandike saa, alichokifanya, alichohisi, na ilimchukua dakika ngapi kurudi katika hali yake. Ukurasa mmoja wa daftari la mama ulisomeka hivi: saa 1 asubuhi, kufagia uwanja, amefika nusu, amepumzika dakika 20, saa 4, kuoga, kizunguzungu alipoinuka, saa 8 mchana, kuchambua mbaazi, hakuna shida.

Pamoja na hayo, ahesabu mapigo mara moja kwa siku. Aketi dakika 10 akiwa ametulia, kisha aweke kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na ahesabu kwa dakika nzima. Asihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kwa sababu pigo lililoruka hupotea katika hesabu ya haraka. Daktari atakuwa amekwambia kiwango cha chini ambacho kifaa kimepangiwa, mara nyingi ni 60 au karibu na hapo. Ukihesabu mara mbili na ukapata chini ya kiwango hicho, wasiliana na hospitali siku hiyohiyo, hata kama mgonjwa anasema hana neno. Ni onyo pia kwa wale wanaoambiana kwamba sumaku hupima betri ya moyo: ni kweli kwamba daktari huitumia, lakini sumaku ikiwekwa juu ya kifaa hubadili mapigo papo hapo, na si jambo la kujaribiwa nyumbani. Kwa sababu hiyohiyo simu ikae mbali na kifaa, walau sentimita 15. Mama zetu wana desturi ya kuiweka simu ndani ya sidiria. Iondoke huko, hasa kama kasha lake linajifunga kwa sumaku.

Daftari lilitufundisha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, kwamba kazi iliyomchosha mama kuliko zote ilikuwa kuoga. Ukifikiri vizuri utaona sababu: mtu husimama muda wote, huinama kuchota, huinua mikono juu ya kichwa, na maji ya moto hutanua mishipa ya damu na kulishusha shinikizo. Tukamwekea kigoda cha plastiki bafuni, ndoo tukaiweka juu ya kigoda kingine ili asiiname, maji yakawa ya uvuguvugu tu, na akimaliza hujifunika kanga akakaa dakika tano kabla ya kuinuka. Kizunguzungu cha bafuni kilikoma ndani ya siku mbili.

Kugawa nguvu za siku

Mwenye kifaa kilichobadili mwendo hana nguvu ya kuazima kesho ili aitumie leo. Akijikaza Jumatatu kwa sababu ameamka vizuri, Jumanne na Jumatano atalala kutwa. Kanuni iliyotusaidia ni kupumzika kabla ya kuchoka, maana yake kazi ikatwe vipande vya dakika 10 hadi 15 na mapumziko yawekwe katikati hata kama mgonjwa anadai bado anaweza, na kazi mbili nzito zisifuatane katika nusu siku moja. Jikoni, kazi nzito ni zile ambazo tumezizoea hadi hatuzioni kuwa ni kazi: kutwanga kisamvu kwenye kinu, kusonga ugali wa watu wengi, kukuna nazi kwenye mbuzi ukiwa umeinama, kupuliza moto wa kuni. Hizo apewe mtu mwingine. Kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, ambako maji mara nyingi huwa mbali na nyumbani, jambo la kwanza la kumwondolea mgonjwa ni ndoo.

Lakini usimwondolee kila kitu. Tulipomkataza mama kazi zote kwa wiki moja, alinyamaza, akakosa hamu ya kula, na uchovu ukazidi badala ya kupungua. Tukamrudishia kazi za kukaa: kuchambua mbaazi na mchele, kumenya muhogo, kusuka ukili akiwa ameegemea ukuta. Alikuwa anajua nyumba bado inamtegemea, na hilo lilionekana usoni.

Msimu wa korosho una mitihani yake. Kuokota korosho ni kuinama na kuinuka mara mamia, na kila kuinuka kwa ghafla ni nafasi ya kizunguzungu kwa mtu ambaye mapigo yake hayawezi kuongezeka. Kama haiwezekani kumwacha nyumbani, aende shambani lakini akae kivulini akitenganisha korosho na mabibo, na wengine wamletee. Mashine ya kupulizia dawa mikorosho asiibebe kabisa. Ni nzito, na injini ya petroli inayounguruma inatakiwa iwe mbali na kifaa kwa walau sentimita 30. Uraka uachwe, kwa kuwa pombe hulegeza mishipa na kuongeza kizunguzungu, na vinywaji vya kopo vinavyotangazwa kuwa vinaongeza nguvu viachwe vilevile. Huenda vikamchangamsha mtu kwa saa moja na kumharibia usingizi wa usiku mzima.

Kuanzia Novemba hadi Februari joto la pwani yetu humchosha hata mzima. Kazi yoyote inayohitaji kutoka nje ifanyike kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, na maji yanywewe kidogokidogo kutwa nzima, isipokuwa kama daktari amempangia kiasi maalumu kwa sababu ya moyo kujaa maji. Mwenye miguu inayovimba apunguze chumvi, na hapa ninaomba tuikumbuke ng'onda, ambayo tunaipenda sana lakini imekaushwa kwa chumvi nyingi. Chakula kiwe kidogo mara nyingi kuliko sahani moja kubwa ya mchana, kwa kuwa tumbo likishiba sana hujivutia damu na mtu huwa mzito.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika mikoa yetu, mgonjwa ameruhusiwa kuswali ameketi, na tumeona kwamba kuinuka kutoka kwenye sijida ndipo wengi wanapopepesuka. Kuhusu funga ya Ramadhani, azungumze na daktari na sheikh wake mapema kabla ya mwezi kuandama, asisubiri hadi aanguke ndipo aambiwe kwamba alikuwa na ruhusa ya kula.

Atembee pia, kama daktari hajamkataza. Kulala kutwa hudhoofisha misuli, na misuli dhaifu huchoka haraka zaidi. Dakika tano hadi kumi asubuhi, kwenye njia tambarare, akifuatana na mtu, kwa mwendo ambao anaweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishindwa kuimaliza sentensi, asimame. Aliyewahi kuzimia au kukaribia kuzimia katika kipindi hiki asitembee peke yake, asipande mnazi wala mkorosho, asiendeshe bodaboda, na asiende baharini peke yake na ngalawa.

Dalili zisizosubiri

Kuna uchovu wa kuandikwa kwenye daftari na kuna uchovu wa kukimbizwa hospitali. Mgonjwa akizimia au macho yakamfunga giza, akikosa pumzi akiwa amekaa, akiumwa kifua, akichanganyikiwa, akivimba miguu au uzito ukapanda ghafla ndani ya siku chache, akipata kwikwi isiyokoma, au ngozi juu ya kifaa ikiwa nyekundu, ya moto au inatoa maji, apelekwe usiku huohuo. Mpelekeni kwa gari ikiwezekana. Akiwekwa kwenye bodaboda akiwa anazimia ataanguka. Mkifika mapokezi, maneno ya kwanza yawe kwamba mgonjwa ana betri ya moyo iliyofikia mwisho, kisha ndipo yafuate mengine. Homa nayo isipuuzwe hata ikiwa ndogo, kwa sababu maambukizi yoyote mwilini, yawe ya jino, ya kidonda au ya mkojo, yanatakiwa kutibiwa kabla ya kifaa kipya kuwekwa.

Safari na upasuaji wenyewe

Familia nyingi za kusini huelekezwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Upanga, Dar es Salaam. Kutoka Lindi ni takriban kilomita 450, na kutoka Mtwara ni zaidi ya 550, safari ambayo ni nzito kwa mtu anayechoka kwa kuoga. Msiifanye siku moja kabla ya miadi. Fikeni siku mbili kabla, mgonjwa alale vya kutosha. Kwenye basi akae kiti cha mbele kidogo, ashuke na kunyoosha miguu basi linaposimama, na dawa zake pamoja na kadi ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Mzigo ukipakiwa kwenye buti hamtaupata hadi mwisho wa safari. Mkienda kwa ndege kutoka Mtwara, aonyeshe kadi kwa walinzi na kuomba akaguliwe kwa mkono. Msipange safari ya dakika za mwisho wakati wa masika: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara yetu ilikatika eneo la Somanga na wasafiri wakakwama, na mgonjwa aliyebakiza siku chache hana nafasi ya kukwama.

Fedha zizungumzwe mapema kuliko heshima zetu zinavyoruhusu. Wenye bima ya afya waulize kwa maandishi kama kifaa chenyewe kimo katika malipo au ni upasuaji tu, na wasio na uwezo waonane na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali iliyotoa rufaa kabla ya kusafiri.

Dawa zisikatishwe bila ruhusa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, amuulize daktari azitumie vipi kuelekea siku hiyo, kwani jibu hutofautiana kati ya mtu na mtu. Upasuaji wenyewe humtisha mgonjwa kuliko ulivyo: hupigwa ganzi, kikasha cha zamani hutolewa kupitia kovu lilelile au karibu nalo, waya hupimwa na kama ni nzima huachwa zilivyo, kisha huunganishwa na kikasha kipya. Kifua hakipasuliwi. Mara nyingi ni kazi ya saa moja hivi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimsimulia mama habari za Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kuwekewa kifaa hiki mwilini, mwaka 1958, ambaye alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 na kuishi hadi mwaka 2001, akiwa na miaka 86. Aliniuliza kama huyo bwana naye alichoka hivi kila mara. Nikamwambia bila shaka alichoka. Akageukia ukutani, akalala.

Kabla ya kuondoka hospitali, hakikisheni mmepewa kadi mpya, mmeambiwa kiwango kipya cha chini cha mapigo, mmeambiwa kidonda kisilowe kwa siku ngapi, na mmeandikiwa tarehe ya kukaguliwa. Muulizeni pia daktari kama kifaa kimerudishwa katika namna ya kazi kiliyokuwa nayo kabla ya betri kushuka. Daftari lisitupwe. Endeleeni kuandika kwa wiki mbili, kazi zilezile na saa zilezile, kwa sababu uchovu uliotokana na kifaa kubadili mwendo huanza kupungua ndani ya siku chache, na kama kurasa mpya zinafanana na za zamani, basi kuna chanzo kingine ambacho bado hakijapatikana, na kurasa hizo ndizo za kumwonyesha daktari.